Dawa Inayomezeka

Hapa Mghange tunao waumini wema, watu wa sala na wa jembe, wanaoamini kwamba mgonjwa anayelalamikia dawa amepungukiwa na imani. Ugonjwa, wanasema, ni msalaba, na dawa ni rehema; aliyepewa rehema haichagui. Mmoja wao, mzee ninayemheshimu sana, aliniambia hivyo waziwazi baada ya ibada, aliposikia kwamba nateremka tena Voi kutafuta aina nyingine ya vidonge vya magnesiamu. "Mwalimu," alisema, "wewe ni msomaji wa kanisa. Watu wanakutazama. Vumilia." Sikumjibu siku ile, kwa sababu jibu la haraka lisingemtosha yeye wala mimi. Swali lake ni zito: mtu aliyekwisha kukubali kuugua, je, anaweza mbele za Mungu kukataa kuumizwa na tiba?

Nilifundisha kemia katika shule za sekondari za milima hii hadi nilipostaafu, na maradhi yangu ni yale ambayo karibu kila boma la hapa linayajua: kisukari cha ukubwani, kisha presha, kisha asidi ya tumbo. Kwa sukari nameza metformini. Kwa presha nilikuwa nikimeza dawa ya kutoa maji mwilini. Kwa asidi nimetumia omeprazoli miaka na miaka. Kila moja imenisaidia, nami namshukuru Mungu kwa kila moja. Lakini kisukari chenyewe hufanya figo zimwage magnesiamu kwenye mkojo, dawa ya kutoa maji huzidisha umwagaji huo, na omeprazoli ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuuzuia utumbo usiifyonze vizuri. Juu ya hilo la mwisho, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi mwaka 2011. Mwili wa mtu mzima una gramu 25 hivi za magnesiamu. Zaidi ya nusu imo mifupani, na ile iliyomo katika majimaji ya damu haifiki asilimia moja, kwa hiyo kipimo cha damu kinaweza kusema mambo ni sawa hali akiba ya ndani imepungua sana. Yangu ilipopimwa, hata damuni ilikuwa imeshuka. Ndipo nikaelewa kwa nini mashavu ya miguu yalinikaza usiku hadi nikasimama nimeshika ukuta, kwa nini kope lilinicheza mchana kutwa, na kwa nini moyo uliruka pigo nilipopanda njia ya kwenda kanisani.

Vidonge vya kwanza nilivyopewa vilikuwa vya oksaidi ya magnesiamu. Niliposoma kibandiko cha chupa nilimtambua rafiki yangu wa zamani. Kila mwalimu wa kemia nchini Kenya amewaonyesha watoto wa Kidato cha Kwanza utepe wa magnesiamu: unaushika kwa koleo, unauwasha, unawaambia wasiutazame moja kwa moja, darasa lote linang'aa kwa mwanga mweupe, kisha yanabaki majivu meupe. Majivu yale ndiyo oksaidi, na ndiyo yaliyomo ndani ya kidonge. Kwa hesabu ni aina ya vidonge vya magnesiamu iliyoshiba kuliko zote, maana magnesiamu ni sehemu 24 na oksijeni 16, yaani asilimia 60 ya uzito wake ni magnesiamu tupu. Sitreti ina asilimia 16 hivi, na glaisineti 14 hivi. Ndiyo sababu kidonge cha oksaidi huwa kidogo na bei yake huwa ndogo.

Tatizo ni kwamba haiyeyuki vizuri. Sehemu kubwa hubaki utumboni bila kufyonzwa, nayo huvuta maji kwa osmosisi, somo ambalo mwenzangu wa biolojia alilifundisha chumba cha pili. Bibi zetu waliifahamu kazi hiyo kabla ya shule: chumvi ya haluli ni salfeti ya magnesiamu, maziwa ya magnesia ni haidroksaidi yake, na vyote viwili hutumiwa kufungua tumbo. Kwa mtu aliyefunga choo ni msaada mkubwa. Kwa mtu ambaye metformini imekwisha kumlegeza tumbo, ni adhabu. Nilianza kupima maisha yangu kwa umbali wa choo. Jumapili, zamu yangu ya kusoma somo ilipofika, nilichungulia kwanza urefu wa sura. Nyumba za wagonjwa zilizo mbali, kule ng'ambo ya bonde, nilimwachia kasisi aende peke yake. Matatu ya kwenda Wundanyi nilipanda nikiwa sijala kitu, jambo ambalo mwenye kisukari hapaswi kulifanya.

Mzee yule naye aliwahi kupewa vidonge hivyo hivyo. Alivimeza miezi mingi na havikumfanya lolote. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo, na sitaki kuupita haraka. Yeye anasema kweli, nami nasema kweli. Kidonge ni kile kile, kimetoka kiwandani kwa kipimo kile kile, na ushahidi wetu hauafikiani. Katika maabara, matokeo mawili yanayopingana yangenifanya nirudie jaribio hadi nijue lipi lina kasoro. Mwilini hakuna kasoro ya kutafuta, kwa sababu ni miili miwili. Utumbo wake haujui metformini, figo zake zina historia yake, na usiku wake mimi siulali. Maumivu hayawezi kuwekwa mezani yakatazamwa na watu wawili. Yanajulikana kwa njia moja tu, kwamba anayeyapata aseme na anayesikia amsadiki. Kwa hiyo mtu anapomwambia mgonjwa "mbona mimi nilivumilia," anachokosa kumpa ni imani ya aina ndogo kabisa, ile ya kumwamini jirani anaposema habari za tumbo lake. Nashangaa jinsi tunavyodai imani kubwa kwa Mungu tusiyemwona na kumnyima hii ndogo ndugu aliyekaa nasi benchi moja.

Najua kuna uvumilivu wa kweli, na magnesiamu yenyewe inautolea mfano. Mama mjamzito anayenyemelewa na kifafa cha mimba hupewa salfeti ya magnesiamu hospitalini, kwa mshipa au kwa sindano ya msuli. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Takriban robo ya waliopewa walipata madhara madogo, hasa kuhisi joto mwilini na uso kuwaka. Hakuna mkunga anayemwambia mama yule achague nyingine, wala mama mwenyewe hachagui. Anauma meno usiku huo, na asubuhi, Mungu akijalia, yuko na mtoto wake. Ule ni uvumilivu wenye mwisho na wenye sababu iliyo mbele ya macho. Mgonjwa wa kudumu hana asubuhi hiyo. Dawa yake ya leo ni ya kesho na ya mwakani. Ukimtaka aivumilie kwa namna mama anavyovumilia sindano, umemtaka ageuze maisha yake yote kuwa chumba cha kujifungulia. Sidhani Mungu amemwagiza mtu hilo, na nimeyatafuta Maandiko kwa bidii nione kama ameagiza.

Waliozoea kunikosoa huniletea kikombe cha Golgotha. Marko anaandika kwamba kabla ya kumsulubisha Bwana walimpa divai iliyotiwa manemane, na hakuipokea. Kwa hiyo, wanasema, Bwana alikataa kupunguziwa maumivu, nawe mfuasi wake unatafuta kidonge laini. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara naendelea hadi Yohana, ambako Bwana yule yule, saa zake za mwisho, anasema kwamba ana kiu, na wanapomwinulia sifongo yenye siki anapokea. Kikombe kimoja alikikataa, kingine alikiomba. Sielewi mtu anavyoweza kutoa kwa kile cha kwanza sheria ya kuwafunga wagonjwa wote na kunyamaza juu ya cha pili. Tena mateso yale aliyabeba kwa ajili ya watu. Kuhara kwangu hakumkomboi mtu yeyote hapa Mghange.

Kuna habari nyingine ambazo hazihubiriwi sana. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa, akaomba, na Mungu akamwahidi miaka kumi na mitano zaidi. Ahadi imekwisha kutolewa, na bado Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Paulo, aliyeomba mara tatu aondolewe mwiba wake na akaambiwa neema inamtosha, ndiye anayemwandikia Timotheo aache kunywa maji peke yake, atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na udhaifu wake wa mara kwa mara. Hakumwambia Timotheo, "Mimi nina mwiba na nimetulia, nawe tulia." Mwiba wa Paulo ulikuwa wa Paulo, tumbo la Timotheo lilikuwa la Timotheo, na lilistahili kutafutiwa kinywaji kinachokubaliana nalo. Msamaria naye alimmiminia yule majeruhi divai na mafuta: divai inayowasha kidonda ili kisafike, na mafuta yanayokituliza. Angeweza kuishia kwenye divai.

Ayubu ndiye anayetajwa zaidi panapotajwa saburi, kwa sababu Waraka wa Yakobo unamsifu kwayo. Lakini ukifungua kitabu chake, sura baada ya sura utamkuta analalamika. Anadai majibu, anawaambia rafiki zake kwamba wao ni wafariji wa kutaabisha, anataka kesi yake isikilizwe. Mwishoni Mungu anawakasirikia rafiki walioitetea mbingu kwa maneno mazuri, na kusema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Basi saburi iliyosifiwa ni ya mtu aliyesema. Hakuondoka mbele za Mungu, wala hakuficha kilichokuwa ndani yake.

Voi kuna duka la dawa ninakonunua vitu vyangu, na mwenye duka ni Mwislamu mwenye umri wa wanangu. Huniita mwalimu, ingawa sikumfundisha. Alikuwa wa kwanza kuniuliza, kabla hajagusa rafu, kama figo zangu zimepimwa na lini. Nilipomweleza maneno ya mzee wetu, aliegemea kaunta akaniambia kwamba kwao mgonjwa ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani na kuzilipa siku baadaye, na kwamba ruhusa hiyo imetajwa ndani ya Kurani yenyewe, pamoja na neno kwamba Mungu anawatakia watu wepesi. Alikuwa na mjomba mwenye kisukari aliyeng'ang'ania kufunga kwa sababu aliona aibu kula wenzake wakiwa na njaa. "Mwalimu," aliniambia, "ruhusa ni zawadi. Zawadi ya mkubwa hairudishwi." Nilipanda matatu ya kurudi kupitia Mwatate nikilitafakari hilo njia nzima. Sisi Waanglikana hatuna orodha ya ruhusa iliyoandikwa hivyo, na labda ndiyo sababu tunadhani hatuna ruhusa kabisa.

Lakini hoja iliyonigeuza moyo haikutoka Voi wala katika mahubiri. Ilitoka kwa wazee wetu wa Kidawida waliokuwapo kabla mmishonari J. A. Wray hajafika Sagalla mwaka 1883. Dini yao iliitwa Wutasi, na tendo lake kuu lilikuwa kutasa: mtu alichukua funda la maji, la maji ya muwa au la pombe, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya heri, na kwa kufanya hivyo akaitoa hasira iliyomo moyoni mwake. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliishi katika milima hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake cha mwaka 1978, Casting Out Anger, kinaeleza kwa kirefu jinsi Wadawida walivyoamini kwamba hasira inayokaa moyoni bila kutolewa ndiyo inayoleta maradhi na hasara katika nyumba. Mtu alipougua, mganga wa kupiga ramli aliulizwa ni moyo wa nani wenye hasira. Ulikuwa wa ndugu aliye hai, au wa mzee aliyekwisha kufa, au wa Mlungu, yaani Mungu, mwenyewe. Aliyegunduliwa kuwa na hasira hakuadhibiwa. Aliombwa atase.

Mimi ni Mkristo, wala siamini kwamba hasira ya shangazi ilinishusha magnesiamu. Ila katika kuwatembelea wagonjwa nimeona jambo ambalo wazee wale waliliona. Kulikuwa na mama mmoja, marehemu sasa, aliyesifiwa mtaa mzima kwa uvumilivu. Hakuwahi kulalamika. Ukimwuliza kuhusu dawa alijibu kwamba anameza, Bwana asifiwe. Baada ya mazishi, binti yake alipoinua godoro alikuta vidonge vya muda mrefu, vimefungwa vizuri katika vipande vya gazeti. Vilikuwa vikimchafua moyo, akaona haya kusema, kwa sababu kila mtu alikuwa amemwambia jinsi alivyo mfano wa saburi. Binti alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Alimkasirikia mama yake, akatukasirikia sisi wa kanisa, na nadhani alikuwa na haki. Tulimsifu mama yule hadi tukamfunga mdomo.

Uvumilivu unaonyamazisha haumalizi maumivu, unayahamisha. Yanaingia katika sauti ya mtu anapojibu mkewe, katika jinsi anavyowatazama wenye afya wakicheka, mwisho katika sala yake, ambayo inabaki na maneno tu. Wazee wetu wangemtazama mtu wa namna hiyo wakasema moyo wake una kitu na akiteme. Ninapoketi mbele ya daktari na kusema "hiki kimenishinda, tutafute kingine," naona kwamba natasa. Nakitoa nje kabla hakijaoza ndani na kuwadhuru wa nyumbani kwangu. Mzee wetu aliogopa kwamba kulalamika kungeniharibia ushuhuda. Mimi naogopa zaidi kile ambacho kimya kingewafanyia wanaokula nami meza moja.

Nisije nikaeleweka kwamba kila usumbufu ni sababu ya kubadilisha dawa. Siku za soko Wundanyi hakosekani mwenye kipaza sauti anayeuza chupa inayotibu miguu, moyo, mgongo na nguvu za kiume kwa pamoja, na siku hizi neno magnesiamu limeingia katika wimbo wake. Ukweli una mipaka. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020 yalikuta kwamba kwa wazee wengi wanaokazwa na misuli usiku, vidonge vya magnesiamu haielekei kwamba vinaleta nafuu ya maana. Humfaa hasa aliyepungukiwa, na kupungukiwa hujulikana kwa kupimwa, si kwa kipaza sauti. Tena kuna wagonjwa, nami nawaelewa, ambao kutafuta dawa kumekuwa dini yao ya pili: kila mwezi chupa mpya, kila chupa na matumaini yake, hadi ng'ombe wanauzwa. Huko nako kuna utumwa. Anayetafuta mwili usiosumbua hata kidogo anatafuta kitu ambacho hakikuahidiwa upande huu wa kaburi.

Kwa hiyo nilijiwekea kipimo kabla ya kutafuta. Sikutafuta kidonge kisichojulikana kama kimemezwa. Nilitafuta kile kitakachoniachia nguvu ya kufanya yale niliyoitwa kuyafanya: kusoma somo hadi mwisho, kuvuka bonde kwenda kwa wagonjwa, kuwa mpole nyumbani. Usumbufu ambao haugusi hayo nimeukubali. Ule unaoyagusa naukataa bila kuona haya.

Kwanza zilipimwa figo, kwa maana ndizo zinazotoa magnesiamu iliyozidi, na mtu mwenye figo zilizochoka anaweza kurundikiwa nayo hadi presha ishuke, misuli ilegee na pumzi na moyo vipungue mwendo. Zilipoonekana ziko sawa, daktari aliibadilisha ile dawa ya kutoa maji na kuniuliza kama omeprazoli bado ninaihitaji kila siku. Hilo lilinifurahisha kuliko kidonge chochote, maana aliziba tundu kabla ya kuongeza maji. Kisha tulijaribu sitreti, ambayo huyeyuka vizuri zaidi, kwa kipimo kidogo baada ya chakula. Miguu ilipata nafuu, tumbo likabaki na manung'uniko. Mwisho ikawa glaisineti, ambamo magnesiamu imeshikana na asidi amino iitwayo glaisini, na ambayo wengi wenye tumbo jepesi huiona pole. Nagawanya kipimo cha siku mara mbili, pamoja na mlo, wala sizidishi niliyoandikiwa. Wataalamu wa Marekani wameweka miligramu 350 za magnesiamu yenyewe kuwa kikomo cha siku kwa vidonge vya nyongeza vya mtu mzima asiyesimamiwa na daktari, na aliye chini ya kikomo hicho hupunguza hatari ya kuharishwa.

Kuna jambo ambalo nalisema kila ninapopata nafasi, hata pale wasiponiuliza. Magnesiamu hushikana na dawa nyingine tumboni na kuzizuia zisiingie mwilini. Anayemeza dolutegravir, ambayo ndiyo msingi wa ARV wanazopewa wengi siku hizi, aimeze saa mbili kabla ya magnesiamu au saa sita baada yake. Anayemeza levothyroxine ya tezi aache nafasi ya saa nne. Tetrasaiklini na siprofloksasini nazo hazitaki kukutana nayo. Hata dawa ya kiungulia ya kutafuna inayouzwa dukani kwa shilingi chache mara nyingi ina magnesiamu ndani yake. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa dawa zake zote na bado zisimsaidie, kwa sababu amezimeza kwa pamoja ili amalize haraka.

Mama watoto, ambaye hana subira na mijadala yangu, aliingia jikoni wakati mimi niko kwenye vitabu. Unga uliokobolewa ukatoka, kwa kuwa sehemu kubwa ya magnesiamu ya mahindi iko katika kiini na maganda. Sasa tunapeleka mahindi yetu kwenye mashine ya kusaga yasagwe mazima. Katika kimanga, chakula chetu cha kupondwa, maharagwe yakaongezwa, muhogo ukapunguzwa kwa ajili ya sukari yangu. Mbegu za maboga ambazo tulikuwa tukiwatupia kuku sasa zinakaangwa. Na mchunga, pamoja na uchungu wake, haukosekani. Nilimweleza mjukuu wetu kwamba katikati ya kila chembe ya kijani cha jani, kile kiitwacho klorofili, imo atomu moja ya magnesiamu, na kwamba Mjerumani Richard Willstätter, aliyesaidia kulijua hilo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1915. Aliniuliza kama mlima wa Vuria wote una magnesiamu basi. Nikamwambia ndiyo, kila jani lake. Hajaacha kumwambia kila mgeni.

Linabaki suala la fedha, na hapa ndipo nimekwama na kanisa langu. Chupa ya glaisineti inanigharimu mara kadhaa ya bei ya oksaidi, nami nina pensheni. Jirani yangu hana. Akipewa oksaidi na ikamshinda, ruhusa niliyoitetea kwa Ayubu na Timotheo haimfikishi popote, kwa sababu hana nauli ya Voi wala fedha ya kipimo cha figo. Nimeandika ombi kwa halmashauri ya kanisa kwamba mfuko wa wagonjwa, ambao sasa hununua sukari, sabuni na majani ya chai vya kupeleka tunapokwenda kuwaona, ulipie pia vipimo na tofauti ya bei kwa mtu ambaye dawa ya nafuu imemshinda. Mzee wetu amepinga, kwa hoja nzuri: mfuko ni mdogo, na kuna wenye saratani. Ni kweli, na wenye saratani watangulie. Ila ameniuliza pia tutajuaje nani dawa imemshinda kweli na nani anadeka, na swali hilo ndilo nitakalomjibu mbele ya wote halmashauri itakapokutana baada ya Pasaka. Nitamwambia kwamba tutawauliza, na watakachosema tutakiandika na kukisadiki.